Semina ya "mtazamo chanya kazini": siku ya kwanza mnaweza kuiruka, siku ya pili lipieni

Haya, kwa maafisa utumishi wanaotafuta watu wa kuja kuwafundisha wafanyakazi kupokea mabadiliko, halmashauri yetu ilileta kampuni moja hivi (jina siweki) na mi nimekaa mwanzo mwisho, sikuchoropoka baada ya chai kama wenzangu fulani wanaojijua.

Sababu ya kuletwa mlioko serikalini mnaijua. Yaani ndani ya muda mfupi tu OPRAS, zile fomu za makaratasi za kupima utendaji tulizokuwa nazo tangu 2004, imeondoka ikaja PEPMIS, ya kupima utendaji kwenye kompyuta, likizo unaomba ESS, yaani mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia mwenyewe, uhamisho ESS, watu wa manunuzi walikuwa ndo wanaizoea TANePS, mfumo wao wa zabuni mtandaoni, mara 2023 wakaambiwa sasa ni NeST, na majalada nayo yanahamia e-Office, ofisi ya kwenye kompyuta, sasa mtu aliyekaa miaka yote anaandika dokezo kwa kalamu, "tafadhali ona folio 12", anaambiwa ingiza nywila. Watu wakanuna. Bosi akaona wamenuna akasema hapa tatizo ni mtazamo, leteni mtaalamu wa mtazamo.

Siku ya kwanza basi. Mwezeshaji kijana msafi, suti imemkaa, sauti anayo, maiki hata haihitaji. Akisema "mabadiliko!" tunajibu "fursa!", anatusimamisha tunapigiana makofi, unamgeukia jirani yako unamwambia "wewe ni mshindi", na jirani yangu ni mhasibu mmoja ambaye tuna kesi ya masurufu haijaisha, basi tukaambiana hivyo hivyo kwa shida. Sikatai, watu walicheka na kuchangamka. Ila ikaja ile stori ya tai. Mnaijua, tai akifika miaka 40 anapanda mlimani anaung'oa mdomo wake na kucha na manyoya, anakaa huko miezi, vinaota upya anaishi miaka 30 mingine. Jamani hiyo kitu haipo! Ndege aliyeng'oa mdomo anakula nini miezi yote hiyo, si anakufa njaa? Afisa mifugo wetu alikuwa anatikisa kichwa nyuma kule mpaka nikamuonea huruma.

Halafu Kodak. Hakuna semina ya mabadiliko isiyo na Kodak, wale jamaa wa Marekani wa kamera za filamu, waligoma kubadilika wakafilisika 2012. Kweli walifilisika. Ila kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa humo humo ndani ya Kodak, na mhandisi wao wenyewe, mwaka 1975! Kwahiyo mfanyakazi wa chini mawazo mapya alikuwa nayo, waliochelewa kuamua ni wakubwa. Hiyo sehemu mwezeshaji hakuigusa na wakuu wa idara nao walishaondoka, walikuja kufungua wakapiga picha wakasema wana kikao. Hapo ndo nilipoanza kukasirika kidogo, maana ujumbe unakuwa kwamba mfumo ukikwama, intaneti ya jengo ikikata, bosi asipoidhinisha kazi zako, we tabasamu tu, una mtazamo hasi.

Chakula kizuri, pilau na mbuzi, hilo siwezi kuwasema. Posho tuliache.

Sasa siku ya pili. Akaja mwezeshaji mwingine, dada mmoja mpole, haongei sana, hana slaidi hata moja. Kitu cha kwanza akatutenganisha: wazoefu wa kompyuta chumba chao, wasiozoea chao, na vijana wa fildi, wanachuo waliokuja mafunzo ya vitendo, akawatoa nje kabisa. Watu wakashangaa ila baada ya nusu saa ukaelewa kwanini. Mtu wa miaka 57, kabakiza mitatu astaafu, anaheshimika kila mtaa, hataki kuonekana na mtoto wa chuo anatafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja, bora aseme "mi haya mambo siyataki" aonekane mkorofi kuliko kuonekana hajui. Sisi hapo tulikuwa tunasema wazee wanapinga mfumo. Kumbe aibu tu.

Kule chumba cha wasiozoea alikuwepo mama mmoja wa masijala, wanakotunza majalada, nimemkuta pale na nadhani nitamuacha, yeye ukimtajia barua ya maji ya kijiji fulani anakwambia iko jalada gani kabla hujamaliza sentensi. Siku ya kwanza alikaa kimya kabisa. Siku ya pili akauliza swali moja: barua ikishaskaniwa ikawekwa kwenye jalada silo, humo kwenye kompyuta nani ataiona? Dada akanyamaza kidogo akasema hebu njoo uwaonyeshe. Basi mama akasimama pale akaanza kuwaelekeza wale vijana wa chumba cha wazoefu, walioitwa waje, jinsi majalada yanavyopangwa kwa mada na namba, kwamba kwenye e-Office unaona dokezo limekaa mezani kwa nani na tangu lini, sawa, lakini ukilisajili vibaya mwanzoni limepotea vile vile kama kwenye kabati. Wale vijana walikuwa wanabofya haraka haraka hawajui hata mada ni nini. Alivyorudi kukaa alikuwa mtu mwingine, akaomba na namba ya mtu wa TEHAMA.

PEPMIS nayo, ambayo ofisini kwetu wengi wanaamini imeletwa kutufukuza, aliifanya kwa kazi zetu halisi. Akamwambia kila mtu aandike kazi anayofanya kweli wiki hii. Nusu tuliandika "kutekeleza majukumu mengine nitakayopangiwa", mazoea ya OPRAS hayo, zile fomu wengine tulikuwa tunajaza za mwaka mzima kwa mchana mmoja tukisikia habari za kupanda daraja. Akasema hiyo utaipimaje? Tukaandika upya, mikataba mingapi, ziara vijiji vipi, taarifa lini. Alivyomaliza akageukia wakuu wa idara, maana yeye aligoma kuanza mpaka warudi, akauliza nani kashafungua kazi za watu wake akaziidhinisha. Feni tu ndo ikawa inasikika.

Kwa hiyo mi nawapa hivi: siku ya kwanza nyota mbili, moja ya pilau. Siku ya pili nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu muda ulikuwa mfupi na chumba kina soketi mbili, laptopu zikawa zinazima kwa zamu.

Mkiwaita, ombeni ile siku ya pili peke yake, waigawe iwe mbili, wanakubali nimewauliza. Wakuu wa idara wakae mpaka jioni na simu zao. Bebeni ekstenshen zenu. Na mkague tahajia ya majina kabla hawajachapa vyeti, changu wamekosea jina la ukoo, nimewapigia wamesema kinakuja kingine, bado nasubiri.