Pikapu ya dizeli ya zamani ya kuvutia tela: ununue ipi Mtwara na Lindi

Wanunuzi wengi wa pikapu kuukuu ya dizeli huanza na nguvu: CC ngapi (ujazo wa injini), ina turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) au haina. Mwenye tela ana maswali matatu yaliyo muhimu zaidi: injini inajipoza vizuri? Gari linasimama likiwa na uzito nyuma? Spea zinapatikana ndani ya siku ngapi? Ukipanda Newala kutokea upande wa Masasi na gunia za korosho, injini ndogo isiyochemsha itafika taratibu. Kubwa inayochemsha itaishia kando ya barabara, boneti juu. Mpangilio ufuatao umefuata maswali hayo, si mwaka wa gari wala muonekano wake.

Kabla ya kuchagua gari, jua uzito unaotaka kuuvuta. Tela dogo la chuma la ekseli moja, likiwa tupu, lina kilo 250 hadi 350. Gunia 10 za korosho za kilo 80 ni kilo 800, kwa hiyo jumla ni zaidi ya tani moja. Mifuko 20 ya saruji ni tani kamili hata kabla hujahesabu tela lenyewe. Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, chuma na mzigo pamoja, hata kama gari linaonekana kuvuta bila shida. Kuvuta si kazi kubwa. Kazi ni kusimamisha. Kwa kipimo hicho, tela la kilo 300 bila breki linabeba gunia 5, na hapo umefika.

1. Toyota Land Cruiser pikapu (HZJ75, HZJ79), injini 1HZ

Kwa mzigo unaozidi tani moja hakuna ya kushindana nayo. 1HZ ni silinda 6, CC 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Nguvu yake huanza chini, kwa hiyo huhitaji kuikanyaga sana ili tela liondoke. Gari lenyewe ni zito na chasisi yake ni pana, na hilo ndilo linalozuia tela kulitawala kwenye mteremko. HZJ79 ilianza 1999. Kwa uzito huo tela liwe na breki zake.

Udhaifu wake unajulikana. Mkanda wa taiming, unaoziendesha valvu zipishane na pistoni, ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na unafungua injini nzima. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kuwa haujabadilishwa na uondoe gharama hiyo kwenye bei. Gia ya tano ya HZJ79 huchoka kwa magari yaliyovuta sana, hivyo ukiwa barabarani sikiliza kama inalia au inajichomoa ukiachia mafuta. Angalia pia nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiona grisi nyepesi kama uji inavuja kwenye maungio ya ekseli, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) imeingia kwenye grisi. Si ugonjwa wa kukimbia gari, lakini ni kazi ya siku nzima gereji.

Ukikuta 1HZ iliyofungwa turbo baadaye mtaani, iache, isipokuwa ina geji ya joto la moshi na mwenye gari anaweza kueleza pampu ilirekebishwaje. Injini hii haikuundwa kwa joto hilo, na ikiwa na tela kwenye mlima pistoni ndizo hulipa. Bei ya Land Cruiser ni kubwa na hunywa mafuta. Kama tela lako ni la mara moja kwa msimu, shuka namba mbili.

2. Toyota Hilux ya injini 5L au 3L

Kwa watu wengi wa Tandahimba, Nachingwea au Kilwa, hili ndilo gari la kununua. 5L ina CC 2,986 na 3L ina CC 2,779, zote silinda 4 bila turbo. Hakuna fundi wa kusini asiyezijua. Filta, mkanda, wota pampu, plagi za kupasha moto na nozo (vinyunyizio vya dizeli) hupatikana Mtwara, Masasi na Lindi bila kusubiri basi la Dar es Salaam. Hilo si jambo dogo. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, aliyekuwa anasubiri spea kutoka Kariakoo alibaki na gari juu ya mawe.

Ivutie tani moja kwenye tambarare, na pungufu kidogo kama njia yako ina milima. Mkanda wa taiming ni kila kilomita 100,000, na ukikatika madhara ni yale yale. Hedi (vichwa vya injini) za familia hii hupasuka zikichemshwa, kwa hiyo Hilux iliyowahi kuchemka mara nyingi ni ya kuogopa hata ikiwa inawaka vizuri leo. Ukikuta imeandikwa 2L-T, yaani ya CC 2,446 yenye turbo, achana nayo kabisa kwa kazi ya tela.

Kitu kimoja ambacho wanunuzi hukipita: lala chini ya gari, upande wa nyuma. Utaona mkono wa chuma unaotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi. Valvu hiyo huongeza breki za nyuma mzigo unapoikandamiza bodi. Kwenye magari mengi mkono umeganda kwa kutu, umefungwa waya, au haupo kabisa. Gari la namna hiyo lisipobeba kitu huonekana lina breki nzuri. Ukiweka mzigo na tela, magurudumu ya mbele peke yake ndiyo hufanya kazi, na pua inazama kila ukikanyaga. Mkono usogee kwa mkono wako, na urudi wenyewe.

3. Nissan Hardbody (D21, D22), injini TD27 au QD32

Sifa kubwa ya TD27 (CC 2,663) na QD32 (CC 3,153) ni kwamba hazina mkanda wa taiming, zinatumia gia. Zina kelele na mtetemo, lakini kwa mtu anayeishi mbali na fundi mzuri, kuondokana na hofu ya mkanda ni jambo la thamani. QD32 huvuta vizuri kuliko 5L. Kinachoishusha ni spea: vitu vya kawaida vipo, ila ukihitaji hedi au sehemu za pampu, jiandae kuagiza. D22 za baadaye zenye injini ya YD25 ni gari jingine. Zina mnyororo wa taiming unaochoka, na zikilia kwa mbele asubuhi, usinunue.

Isuzu ya injini 4JA1 ingeweza kukaa hapa hapa kwa uimara wa injini. Ni ngumu na haili mafuta. Kama fundi wako anaijua na umehakikisha spea kabla ya kulipa, ichukue bila wasiwasi.

4. Hilux ya kuanzia 2005, injini 2KD au 1KD

Mlimani hii ina nguvu kuipita Hilux ya 5L, hasa 1KD ya CC 2,982. Kwa nini basi ni ya nne? Kwa sababu nozo zake hufanya kazi kwa presha kubwa sana na hazivumilii maji wala uchafu. Dizeli ya dumu kijijini, iliyokaa kwenye pipa tangu mvua zianze, inaweza kuharibu nozo zote nne, na gharama yake hukaribia bei ya injini nzima ya mtumba. Pia 1KD ina tatizo la washa za shaba zilizo chini ya nozo: zikivujisha moshi, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili haipandi, beringi za injini zinakufa. Muulize muuzaji kama washa hizo zimebadilishwa, na ufungue kifuniko cha oili uone kama kuna masizi makavu yaliyogandamana.

Kama unakaa Mtwara mjini, unajaza kwenye kituo chenye mauzo makubwa na unabadilisha filta ya dizeli kila kilomita 10,000, ipandishe hadi namba mbili.

5. Mitsubishi L200 (injini 4D56) na Ford Ranger au Mazda (injini WL)

Bei yake ya chini ndiyo huvutia. 4D56 ina mikanda miwili. Ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa na kuumaliza. Hedi zake hupasuka zikichemka. Kwa kubeba mzigo mwepesi bila tela zinafaa. Kwa tela, fedha uliyookoa siku ya kununua itaishia kwenye hedi.

Kukagua kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji asiwashe gari hadi ufike. Gusa injini, ikiwa ya moto, rudi kesho. Fungua kifuniko cha rejeta kikiwa baridi: maji ya rangi ya kutu ni ishara ya kisima chenye chumvi, ambacho pwani yetu ni cha kawaida, na huenda mirija ya rejeta hiyo imeanza kuziba. Washa. Viputo vinavyopanda bila kukoma ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Moshi mweupe unaonuka dizeli na kuisha ndani ya dakika moja ni plagi za kupasha moto. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto mara nyingi ni maji. Moshi wa bluu ni oili.

Injini ikipata joto, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu kwa kukigeuza. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha. Kisha zima injini ya moto na uzungushe feni kwa mkono: kwa feni yenye klachi ya silikoni, ikizunguka kirahisi kama pangaboi, klachi yake imekufa. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya pikapu kuchemsha ikivuta taratibu mlimani huku kwenye lami tupu haina tatizo.

Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo, hasa nyuma ya magurudumu ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Sauti butu ni kutu ya ndani. Gari lililobeba samaki Kivinje au chumvi Lindi hudondosha maji ya chumvi humo kwa miaka, na rangi mpya nyeusi chini ya gari isikutulize; ndiyo iwe sababu ya kugonga zaidi.

Maliza kwa kupanda mlima wowote mrefu ulio karibu, mzigo ukiwemo. Mshale wa joto usivuke katikati.

Ndoano, tela na bahari

Ndoano ifungwe kwa bolti kwenye pande zote mbili za chasisi, angalau M12 (unene wa milimita 12) za daraja la ugumu 8.8. Isichomelewe kwenye bampa. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano: tela la kilo 700 liegemee kwa kilo 70 hadi 105. Ukipakia nyuma ya ekseli, mkono wa tela huwa mwepesi na tela huanza kuyumba kwenye kilomita 70 kwa saa. Likianza, achia mafuta polepole na usikanyage breki kwa nguvu. Vuta kwa gia ya nne, kwa sababu ya tano haikuwekwa kwa mzigo, na shuka mlima kwa gia ile ile uliyopandia.

Wenye boti za Mikindani na Kilwa Masoko wana tatizo lao. Tela likifika ufukweni beringi ni za moto. Likitumbukizwa hapo hapo, hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hunywea, na kufyonza maji ya bahari kupitia sili. Mwezi mmoja baadaye beringi inaungua barabarani. Subiri hadi uweze kushika habu bila kuungua, chomoa plagi ya taa, ndipo uingize tela. Difu ya nyuma ya pikapu hufanya vivyo hivyo kupitia tundu lake la kupumulia, kwa hiyo vuta mpira wa tundu hilo hadi juu ya bodi. Ukirudi, osha kwa maji baridi matamu na kupaka grisi mpya.

Karatasi, na wiki ya kwanza

Pikapu nyingi za kusini zilikuwa za miradi au serikali na kuuzwa kwa mnada. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi. Kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, hakikisha kodi imelipwa TRA kabla ya jina kubadilishwa, la sivyo deni ni lako. Tela nalo lisajiliwe kwa namba yake.

Siku ya kwanza badilisha oili ya injini, filta ya oili na ya dizeli, oili za gia boksi na difu, na mafuta ya breki. Fungua kiziba cha chini cha filta ya dizeli, piga pampu kwa mkono hadi maji yaishe na dizeli safi itoke. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, kung'uta filta ya hewa kila wiki, na usiombe gari livute tela kabla ya kilomita 500 za kulizoea.