LocalSend: uzoefu wangu wa kurusha mafaili kati ya Android, iPhone, Windows na Linux

Vifaa ninavyotumia havipatani: simu ya Android, iPhone ya kazini, laptopu ya Windows na kompyuta ya mezani yenye Linux. AirDrop ya kurushiana mafaili ni nzuri, sina ubishi, lakini tangu Apple waitoe mwaka 2011 wameijenga kwa ajili ya vifaa vyao. Google walileta Nearby Share mwaka 2020, kisha 2024 wakaiunganisha na Quick Share ya Samsung, na programu ya Windows ipo pia. Mwenye Linux anabaki kutazama. Bluetooth ya kawaida haivuki megabiti 3 kwa sekunde, maana yake video ya gigabaiti 2 inakula saa moja na nusu hata mambo yakienda vizuri, tena iPhone haipokei faili la Bluetooth kutoka Android hata ukiibembeleza. Wengi tunaishia kujitumia picha wenyewe WhatsApp, ambako zinabanwa na kupoteza ubora usipozituma kama nyaraka.

LocalSend inaingia kwenye vyote vinne, na kwenye Mac pia. Ni programu huria, ya bure, haina matangazo wala haikuombi namba ya simu au barua pepe. Faili halipandishwi kwenye seva ya mtu yeyote. Linatoka kifaa kimoja kwenda kingine ndani ya Wi-Fi ileile, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi inaendelea na bando haliguswi. Njiani linasafiri kwa HTTPS, yaani likiwa limefichwa, kwa cheti ambacho kifaa chenyewe hujitengenezea.

Ukiifungua, kila kifaa kinapewa jina la kubahatisha, sifa pamoja na tunda au mboga, na chini yake kuna alama ya reli (#) na namba. Namba ile ni kipande cha mwisho cha anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, na mkiwa wengi mnaotumia laptopu za aina moja ndiyo itakayokuambia ipi ni ipi. Mimi majina niliyabadilisha mapema, maana kutuma mkataba wa kazi kwa kifaa kinachoitwa Chungwa ni kujitafutia matatizo. Kutuma kwenyewe hakuna maelezo mengi: unachagua faili, folda, picha au maandishi matupu, kifaa cha mpokeaji kinajitokeza, unakigusa. Kwake inatokea orodha ya vinavyokuja na ukubwa wake, naye anakubali au anakataa. Kipengele cha maandishi sikukitilia maanani mwanzoni, na sasa ndicho ninachokitumia kila siku. Linki ndefu niliyoifungua kwenye simu naisukuma kwenye kompyuta, nainakili, basi.

Kuna swichi ya kupokea bila kuulizwa. Nyumbani inarahisisha. Kwenye Wi-Fi ya watu wengi izime, au ruhusu vifaa ulivyoviweka kwenye orodha ya vipendwa tu, la sivyo mtu usiyemjua anaweza kukujazia mafaili kwenye simu.

Sasa tuje kwenye lalamiko kuu, lile la "vifaa havionani". Nimelisikia kwa karibu kila niliyempendekezea programu hii, na karibu kila mara chanzo kimekuwa mtandao, programu haina kosa. LocalSend hutafuta wenzake kwa kupiga tangazo ndani ya mtandao, kupitia mlango (port) namba 53317, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. Chochote kinachoziba hapo kinakuacha na skrini tupu. Windows inapounganishwa na Wi-Fi mpya inaweza kuuhesabu mtandao huo kuwa wa umma na kujifungia ndani. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uugeuze kuwa binafsi. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, programu lazima ipewe ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani. Watu hubonyeza "usiruhusu" kwa mazoea na baadaye hawakumbuki kama waliulizwa. Kwenye Linux, kama umewasha ufw, ile programu ya ukuta wa moto (firewall), mlango huo unaufungua mwenyewe. VPN nayo izime kwanza kabla hujaanza kuhangaika.

Ukishafanya hayo yote na bado kimya, shida iko kwenye ruta. Ruta nyingi, hasa kwenye mtandao wa wageni, zina kinga inayovitenganisha vifaa: kila kimoja kinaona intaneti lakini hakuna kinachomwona mwenzake. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Vyote viwili vinafungua tovuti vizuri, lakini hata ukiandika anwani ya IP ya mwenzako kwa mkono havishikani. Hapo hakuna mpangilio wa LocalSend utakaokuokoa. Kama ruta si yako, washa hotspoti kwenye simu ya Android, iunganishe laptopu, rusha mafaili. Data ya simu izime kabla ya kufanya hivyo. Faili halitumii bando, lakini laptopu ikinusa intaneti inaweza kuanza kushusha masasisho yake kimyakimya, na ukija kushtuka bando limekwisha.

Kasi nayo inategemea hewa mnayogawana. Simu na laptopu zikiwa zote kwenye Wi-Fi, kila kipande cha faili kinapanda kwenye ruta na kushuka tena, kwa hiyo njia ileile inabeba mzigo mara mbili. Kompyuta ya mezani nimeichomeka kwa waya kwenye ruta, na tofauti inaonekana bila kupima. Bendi ya Wi-Fi ya 5 GHz inasaidia kuliko 2.4, mradi usikae mbali wala ukuta mnene usiwe katikati.

Kwa asiyetaka kuinstoli kitu, LocalSend inaweza kutoa linki ambayo mwenzako anaifungua kwenye kivinjari na kupakua. PairDrop ni tovuti inayofanya kazi yote ndani ya kivinjari, na kwa mgeni wa mara moja ndiyo ninayompa. KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta, ninayo pia, kwa sababu inaleta arifa za simu kwenye kompyuta na kushirikisha ulichonakili, lakini mpaka vifaa vioanishwe kwanza, na kwa kurusha faili kwa mtu uliyekutana naye sasa hivi hiyo ni safari ndefu.

Kwenye iPhone acha programu ikiwa wazi mbele mpaka uhamisho uishe. Ukihamia programu nyingine au skrini ikijifunga, iOS inailaza na faili linakwama. Folda yenye maelfu ya mafaili madogo inakwenda kwa kusuasua kwa sababu kila faili linatumwa peke yake, hivyo folda naifunga kwanza kuwa faili moja la zip. Ila zip kubwa ikikatika katikati inaanza upya yote, na ndiyo maana kwa makumi ya gigabaiti bado nachukua waya wa USB.