Meno manne ya kuvaa, Ganjoni: nimerudishiwa herufi zangu

Nasomesha Qur'ani chuoni Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ni mdomo. Mtoto akijifunza kusoma hutumia masikio, lakini macho yake yako mdomoni mwa mwalimu: ulimi umewekwa wapi, upepo umetokea wapi. Herufi za Kiarabu thaa, dhali na dhwaa hutolewa kwa ncha ya ulimi kwenye makali ya meno mawili ya mbele ya juu. Faa yataka makali hayo hayo yaguse mdomo wa chini. Mimi meno hayo mawili yaling'olewa miaka mitatu nyuma, pamoja na magego mawili ya juu kushoto. Nina sukari, ilikuwa imepanda muda mrefu, na ufizi ukaharibika hadi meno yakawa yanatikisika.

Nilipong'olewa niliambiwa nisukutue kwa maji ya chumvi, basi. Hakuna aliyenieleza kwamba pengo likiachwa halikai vile vile. Jambo hilo laniuma mpaka leo.

Kilichonitoa nyumbani ni mtoto wa miaka saba. Tulikuwa katika sura ya Alhaakumu, ambamo neno "thumma" limo mara tatu, na kila akifika hapo ulimi hauonekani, hutoka upepo mtupu. Nikamrekebisha, akarudia vile vile. Mara ya nne nikatambua: mtoto hakosei, ananifuata mimi. Usiku ule usingizi haukuja.

Kliniki niliyokwenda ni ndogo, iko Ganjoni, ghorofa ya kwanza. Ngazi zake ni nyembamba na hazina pa kushika, wazee waende na mtu. Ukutani kuna leseni ya daktari kutoka Baraza la Madaktari wa Tiba na wa Meno la Kenya, na hiyo ndiyo niliyoitazama kabla ya kuketi. Tazameni hivyo popote mwendapo.

Daktari ni binti wa makamo ya mwanangu mkubwa. Alinipiga picha ya taya, akanionyesha. Mfupa ulioshika mizizi ya jino, jino likitoka, hukosa kazi na hunywea. Unyweaji mkubwa ni wa mwaka wa kwanza: upana wa mfupa waweza kupungua karibu nusu katika miezi 12. Ndiyo maana shavu langu la kushoto lilikuwa limebonyea, nami nikidhani ni uzee. Gego la chini, lililokuwa likitafunia yale mawili, lilikuwa limeanza kupanda kuelekea kwenye pengo. La jirani limeinama. Ilibidi asugue kidogo ndipo nafasi ipatikane.

Akaniuliza nala nini. Nikamtajia: mkate laini, wali, mahamri niliyoyachovya chai. Pweza nilikwisha muacha, korosho, mboga zenye nyuzi, hata embe bichi. "Maalim," akasema, "na sukari yako ikoje?" Nikanyamaza. Kumbe miaka mitatu nilikuwa nachagua chakula kwa ufizi, na vile vilivyo laini ndivyo vilivyokuwa vikiniumiza.

Jino la kupandikiza, lile la skrubu ya titani, alinieleza kwa kirefu. Nilidhani ni jambo la juzi, kumbe Msweden Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Lakini lataka mfupa wa kutosha, sukari iliyotulia, na miezi ya kungoja mfupa uishike skrubu. Na bei yake mimi siiwezi. Tukakubaliana meno ya kuvaa na kuvua.

Nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza alichukua umbo la mdomo kwa rojo zito ndani ya kisahani. Pumueni kwa pua, kichefuchefu hupita. Kisha akapima namna meno yanavyokutana. Kisha rangi: nilitaka meupe, akanipeleka dirishani na kioo, nikaona meno yangu yaliyobaki yana rangi ya miaka mingi ya kahawa tungu. Alichagua yanayofanana nayo. Sasa namshukuru.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Meno yalikuwa yamepangwa kwenye nta tu, hayajaimarishwa, akanivisha akasema, "Soma, Maalim." Nikasoma Alhaakumu pale kitini. Thaa ikabanwa. Meno yalikuwa marefu mno. Akayavua, akapasha nta moto, akayasogeza, nikasoma tena. Tulifanya hivyo mara tatu huku watu wakingoja nje, wala hakunikimbiza. Fundi wa kuyaimarisha angeyapokea yale ya mwanzo, ningelipa shilingi zile zile 16,000 na herufi zangu zingebaki kasoro.

Dosari zipo. Wiki ya kwanza mate yalijaa, na ufizi ulichubuka upande mmoja. Nilirudi akasugua, bila malipo. Kibao kinachoshika meno chafunika sehemu ya kaakaa, kwa hivyo chai ya moto yapaswa kunywewa kwa hadhari. Nguvu ya kutafuna haifiki ile ya meno ya asili: muhogo wa kukaanga naukata vipande, miwa nimeiacha. Lakini pweza nala, na mboga nala kila siku.

Usafi msiupuuze. Brashi laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda. Usiku huvuliwa na kuwekwa majini, kwa sababu ukilala nayo fangasi hupata makao chini yake. Mimi huyavua pia kila nikitia udhu, yakaoshwa.

Miadi niliandikiwa saa tatu, nikaingia saa tano na nusu. Hilo warekebishe.

Narudi tena mwakani, aangalie kama mfupa umeshuka na kibao chahitaji kujazwa upya chini. Yule mtoto sasa yuko kwenye Zilzala. Juzi nilimrudisha Alhaakumu, akaisoma akinitazama mdomo, na ulimi wake ukatokea mara zote tatu.