Sura na vidole vyako: uvikabidhi kwa NIDA au kampuni za mitandao?

Mi nikiambiwa nichague, nachagua NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa hapa Tanzania, ila kwa shingo upande. Namba yake ina tarakimu 20 na siku hizi kila kitu kinapita humo, laini ya simu, benki, pasipoti, yani ikivuja imevuja, kidole hubadilishi kama paswedi, na serikali ikiamua kukubana huna pa kukimbilia. Lakini angalau ipo hapahapa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu wa Mbagala anaweza kupanda daladala akaenda ofisini akaongea na mtu uso kwa uso.

Kampuni je? Wepesi wao naukubali, selfi na picha ya kitambulisho umemaliza. Ila 2018 Facebook wenyewe walisema taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni za siasa, mwaka uliofuata wakapigwa faini ya dola bilioni 5 huko Marekani, sisi huku hatukuambulia kitu. Dada yangu anauza vitenge Kariakoo, mtandao mmoja ulimfungia akaunti, katuma kitambulisho mara tatu anajibiwa na roboti tu, wateja wote wamepotea, jamani inauma.