Programu ya kemia: jibu sahihi limekatwa, na mimi nimejibiwa ovyo

Nilimlipia binti yangu wa kidato cha tano programu ya simu ya kujipima kemia, ile inayojinadi kwamba inasahihisha papo hapo. Bei na idadi ya mada tafuteni wenyewe. Mimi nina ugomvi na swali moja.

Elementi fulani ina nishati za uayonishaji, yaani nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza, ya pili na kuendelea, 578, 1817, 2745 na 11577, zote kilojuli kwa moli. Iko kundi la ngapi? Binti akabonyeza la tatu. Ikatokea alama nyekundu ya kosa na mlio wa kukera, na chini yake maelezo: "Kundi la 4, kwa sababu nishati ya nne ndiyo imeruka."

Jamani! Ya nne kuruka maana yake elektroni za nje zimekwisha kwenye ya tatu, na idadi ya hizo za nje ndiyo namba ya kundi. Hizo tatu zimetoka bila ubishi mkubwa. Ya nne unaing'oa ganda la ndani, karibu na kiini, ndiyo maana imepanda zaidi ya mara nne kwa mkupuo. Hiyo ni alumini, hata ukiniamsha usiku wa manane. Anayetaka kundi la 4 aende kwa silikoni: 787, 1577, 3232, 4356, ndipo 16091. Mruko uko kwenye ya tano. Kwa akili ya programu hii, sodiamu yenye 496 kisha 4562 itahamia kundi la pili, ikakae na magnesi!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza nusu, akauliza, "Mama, kwani wewe ni mwalimu?" Nikamwambia mimi ni mtu wa maabara, lakini hata ningekuwa muuza vitumbua, 11577 ingebaki 11577. "Majibu yamepitiwa na wataalamu, mama. Kama hujaridhika, ifute tu." Kisha akakata. Hakuniaga, hata pole sikupata. Tangu hapo kila kitu chao kinanichefua, hadi ile rangi ya zambarau.

Nisiwe mnyimi wa haki, grafu yao ya nishati ya kwanza ya kila elementi ni nzuri sana. Unagusa nukta kwa kidole, namba inatokea: heli 2372 juu kabisa, neoni 2081, halafu unaporomoka hadi sodiamu 496 na kuanza kupanda upya. Binti alikaa nayo jioni nzima, na mwenyewe akagundua kwamba boroni (801) iko chini ya berili (900), na oksijeni (1314) chini ya nitrojeni (1402). Nikamweleza habari ya oksijeni: elektroni yake ya nne ya p (vile vyumba vitatu vya elektroni kwenye ganda la nje) imelazimika kuingia chumba chenye mwenzake, zinasukumana, kwa hiyo kuitoa ni rahisi zaidi. Akacheka kwa furaha. Kwa jioni ile peke yake nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Tukafungua ukurasa unaofuata. Umeandikwa kwa herufi nene: nishati ya kwanza "huongezeka daima" ukienda kulia kwenye kipindi, yaani safu ya mlalo ya jedwali la elementi. Daima! Na grafu yao wenyewe iko hapo nyuma inawakana! Nyota moja, na hiyo ni ya aliyechora grafu. Sidhani kama yeye na mwandishi wa maswali wanafahamiana.

Juzi binti akaniita: "Mama, wamerekebisha!" Kweli, lile swali sasa linakubali kundi la tatu. Nikaanza kulainika, nikasema basi, niwaongezee nyota. Nikashuka kusoma maelezo. Hawajayagusa: "Kundi la 3, kwa sababu nishati ya nne ndiyo imeruka, hivyo elektroni za nje ni nne."

Nimeomba hela yangu. Bado wananijibu kwa kidole gumba.