Nilipeleka picha ya bibi ikasafishwe, wakamfuta ndonya

Nina hasira mpaka sasa, ingawa wiki kadhaa zimepita.

Bibi mzaa mama ametuachia picha moja tu. Nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, ilipigwa Newala. Kona moja imeliwa na wadudu na katikati ina mkunjo. Bibi amekaa kwenye kigoda, kajifunga kaniki, nembo, zile chale za urembo, zimejipanga mashavuni, na kwenye mdomo wa juu ndonya yake, kile kipande cha mpingo kinachopachikwa kwenye tundu la mdomo. Nilitaka ikuzwe, ichapwe kwenye kanvasi na kutiwa fremu, mama aitundike sebuleni. Nikaipeleka duka moja Kariakoo. Kijana wa kaunta akaniambia, "Usijali mama, tutaisafisha." Kwa sisi tuliokulia enzi za filamu, kusafisha picha ni kuitoa kwenye mkanda. Sikujua kwamba kwake yeye ni kufuta.

Siku ya kuichukua, walipoifunua niliishiwa nguvu. Ndonya hakuna! Kompyuta imeiona doa, ikamtengenezea bibi midomo ya msichana wa tangazo la losheni, na meno yanaonekana. Mashavu laini, nembo zote zimekwenda. Ngozi wameing'arisha. Kaniki imekuwa zambarau. Namwuliza kijana ndonya iko wapi, ananijibu macho yakiwa kwenye simu: "Ile kasoro ya mdomoni tumeitoa bure, mama. Hatujakuongezea hela."

Kasoro! Bibi alitobolewa mdomo akiwa binti mdogo, tundu likapanuliwa kidogo kidogo mpaka ndonya ikakaa. Maumivu yale aliyavumilia ili asimame mbele ya wenzake kama mwanamke wa Kimakonde. Mama yangu hana, kizazi chake ndicho kilichoacha. Sisi wajukuu hatukumkuta bibi, ndonya yake tunaijua kwa picha hiyo tu. Mama aliitazama ile kanvasi kimya, kisha akauliza, "Sasa mmenitafutia mama mwingine?"

Nilirudi pale nimeshika picha kama mtu aliyeshika ushahidi. Na hapa lazima nitende haki: nyuma ya duka kuna mzee anayetengeneza fremu. Aliitazama picha ya asili akasema, "Huyu nyumbani kabisa. Bibi yangu naye alikuwa nayo." Akaiskani upya mwenyewe, akaziba mkunjo na ile kona kwa mkono, basi. Uso hakuugusa. Kazi aliyotoa sijawahi kuona: ndonya inang'aa upande mmoja pale mwanga ulipoipiga, na nembo unaweza kuzihesabu. Mama alipitisha kidole kwenye kila mstari. Kwa kazi ile ningesema nendeni, mumwulize mzee wa fremu, na msikubali neno "kusafisha" mpaka mtu akueleze atagusa nini.

Lakini ya pili nayo walinitoza, 40,000, kana kwamba kosa lilikuwa langu. Nikalipa kwa sababu ya mzee yule.

Na jana usiku ndiyo nimeigeuza ile picha ya asili kuirudisha kwenye albamu. Nyuma yake babu aliandika jina la bibi kwa kalamu ya wino, mwandiko wake pekee tulio nao. Juu ya jina hilo, kwa maka nyeusi nene, wameandika namba ya oda.

Msiende.