Mbuzi ya nazi kutoka soko la Marikiti, Mombasa, baada ya miezi minne

Siku niliyoinunua niliandika kwenye grupu la familia WhatsApp, "jamani nimepata mbuzi mia nane tu", nikatia simu mfukoni nikadandia matatu zangu za Kisauni. Kushuka nakuta meseji zimejaa. Shemeji yangu wa bara anauliza huyo mbuzi ni mgonjwa ama ni wa wizi maana bei hiyo si ya mnyama mzima, binamu yangu keshajialika supu, mwengine anataka kujua nitamfunga wapi na mimi nakaa chumba kimoja juu ghorofani. Mamangu peke yake ndo alielewa. Yeye aliuliza swali moja tu, "meno yake makali?"

Basi rivyu ni ya hiyo, mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma mbele. Ukitafuta mtandaoni utakuta watu wanasifu mablenda mpaka basi lakini hii hakuna anayeisema, labda sababu haina kampuni, haina boksi wala waranti.

Kabla yake nimepitia kila kitu. Nilianza na tui la pakiti kama vijana wengi tunaokaa wenyewe, unakata kona unamimina umemaliza, na sisemi ni baya, siku umechoka linasaidia, ila wali wake unatoka mzito kama umetiwa unga halafu ile harufu, ile inayomfanya mtu akipita ngazini aulize leo kwa nani kunapikwa, haipo. Nikanunua blenda. Blenda nayo mpaka uivunje nazi, ubandue nyama na kisu huku unajichoma kiganja, uikatekate, utie maji ya vuguvugu, uwashe, na stima ndio hio imepotea. Yangu ilikufa siku ya mhogo wa nazi, ilinguruma ikatoa moshi ikanyamaza. Alafu kuna wale wa sokoni wanaokuna kwa mashine, unachagua nazi yako anakukunia hapo hapo dakika moja. Hao ni wazuri kama nyumba yako iko karibu. Mimi nazi iliyokunwa ikishakaa na mimi kwenye foleni ya daraja la Nyali joto la mchana, nikifika nyumbani ishaanza kuchacha.

Nikasema wacha nirudi kwa ya bibi yangu.

Marikiti mimi naenda Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Najua wengine wataniambia Kongowea ni rahisi zaidi, kweli, ukitaka gunia nenda Kongowea, lakini mtu anayenunua nyanya sita na fungu la mchicha atafanya nini huko na wale wa malori. Marikiti ndo saizi yangu. Jina lake kwenye ramani ni Mackinnon lakini sijawahi kumsikia mtu akimwambia dereva wa tuktuk nipeleke Mackinnon. Unaingia kutoka Barabara ya Digo, wa mkokoteni anakupigia mluzi umpishe, pembeni ukwaju na mabuyu, halafu ile njia ya viungo, iliki, mdalasini, bizari nzima, pua inafunguka hata kama una mafua. Na kikapu ubebe chako, tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 usitegemee utafungiwa na kikaratasi cha nailoni.

Kitu kinachonirudisha pale ni nyongeza. Mama wa mchicha ukishalipa anachota kidogo tena anatia, hakuulizi, wa ndimu naye anakurushia mbili. Kuna siku nilikuwa nimepungukiwa shilingi ishirini, natafuta kwenye mfuko wa suruali, mama akaniambia enda mwanangu utaleta ukija. Hanijui jina. Nilipeleka Jumamosi iliyofuata yeye ndo kashasahau, akanicheka, akatia nyongeza.

Sasa mzee wa mbuzi. Ana meza ndogo ya vitu vya jikoni, miiko, vinu, mbeko za ukindu, na yeye mwenyewe amekalia mbuzi moja kama kiti. Mimi nimeshaiona nzuri, imepigwa vanishi inang'aa. Nikamwambia, "Ami, hii ngapi?" Akasema elfu na mia mbili, lakini hiyo usichukue kijana wangu. Nikashangaa, mtu anakataa kuuza mali yake. Akaigonga ulimi wake kwa ukucha, ikalia ting, akasema hiki ni kibati tu, meno yatalala mwezi haujaisha, hii wanunua wageni waweke sebuleni. Akatoa nyengine chini ya meza, mbaya mbaya, mbao ya mwembe haijapakwa chochote, chuma cheusi kinene. "Kaa." Nikaitazama. "Kaa! Mbuzi hainunuliwi kwa macho." Basi nikakaa katikati ya soko, watu wanapita na mafungu ya mboga wananitazama, mzee ananishika mabega ananisogeza mbele nyuma aone kama magoti yanafika vizuri. Akanipa kifuu kitupu nijifanye nakuna. Suti ya harusi nimewahi kupimwa, haikuwa hivyo.

Hii niliyonunua ni ya kukunja, vipande viwili vimeingiliana katikati, inafunguka kama marufaa ya msahafu, ukimaliza unaikunja unaisimamisha nyuma ya mlango. Alianza elfu, nikasema mia sita, akacheka, tukakutana mia nane. Na kabla hajanipa akachukua tupa akapitisha jino moja moja, kama dakika kumi hivi, wateja wengine wanangoja, wala hakuniongezea hata shilingi.

Sasa matumizi. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Kuvunja nazi niliweza, unagonga katikati na mgongo wa panga huku unaizungusha, maji unakinga kwenye kikombe unakunywa. Kukuna ndo kazi. Nilikuwa nakandamiza kama napiga randa, nazi inaruka vipande vipande, dakika ishirini na tano nazi mbili na kidole kimoja kinatoka damu. Na ile sauti, khwa khwa khwa, mbuzi haina siri, jengo zima linajua. Kidogo nasikia hodi. Bi mkubwa wa mlango wa pili. Huyu mama tumekaa jirani karibu miaka miwili na tuliishia shikamoo marahaba tu, leo kasimama mlangoni kwangu na leso yake, "nasikia mtu akuna nazi vibaya." Akaniona na kidole mdomoni. Akasema, "Mwanangu, nazi ndiyo hukunwa, wewe wajikuna mwenyewe!"

Nilicheka mpaka nikasahau maumivu.

Akakaa yeye. Wallahi ni kama kumwangalia mtu anaandika. Kiganja kinabana kifuu kwa nyuma, vidole vimejificha, anaanza ukingoni anazunguka pole pole akienda ndani, hakandamizi, anazungusha tu, nazi inaanguka kwenye sinia laini kama theluji ya kwenye televisheni. Akanionya nisifike kwenye ganda la kahawia, ukilikwangua hilo tui linatoka limefubaa. Na kila nazi ikivunjwa inuswe peke yake kwanza kabla hujaichanganya na mwenzake, manake nilikuwa na moja imeanza kuoza na mimi nishaipakata niikune, akaishika akasema nazi mbovu harabu ya nzima si maneno ya kanga tu babangu, ni ya jikoni.

Halafu tui. Mimi nilikuwa najaza maji nakamua mara moja natia kwenye sufuria. Kumbe nilikuwa napika maji ya nazi. Ya kwanza unatia maji kidogo sana ya vuguvugu, unafikicha kwa mkono, unakamua, hilo ndo kasimile, unaliweka kando. Machicha yaliyobaki unayarudishia maji tena mara ya pili hata ya tatu, hilo jepesi ndo la kupikia wali au kuchemshia mbaazi. Kasimile inaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga usiache, ukiliacha likachemka kwa fujo linakatika, mafuta huku maji huku. Mbaazi zangu zote za nyuma zilikuwa zimekatika na mimi nilidhani ndo zilivyo.

Machicha nayo bi mkubwa hayatupi. Anayachukua kwa kuku wa dadake.

Jioni ile nilimpelekea bakuli la mbaazi, la kwanza ambalo halikukatika. Kesho yake asubuhi bakuli limerudi na mahamri manne ya moto. Si unajua chombo cha watu hakirudishwi kitupu, basi na mimi nikarudisha sahani yake na mchicha wa nazi, ikarudi na samaki wa kupaka, changu mzima amechomwa kwanza kwenye makaa halafu tui limemganda juu na ndimu, nilikula nimesimama. Miezi minne sasa sijui nani anamdai mwenzake. Watoto wa chini nao wakisikia khwa khwa wanapanda kuja kuomba kipande cha nazi cha kutafuna, na mmoja keshajua kuwa Jumamosi maji ya nazi ni yake. Blenda haikuwahi kuniletea mtu isipokuwa aliyekuja kusema punguza kelele.

Kasoro zipo na nitazisema. Mgongo, kwanza. Nazi moja mbili sawa, ukialika watu ukawa na nazi sita utainuka umekunjika kama hiyo mbuzi yenyewe. Kwenye sakafu ya tailizi inateleza, mimi natandika gunia chini. Chuma kinashika kutu haraka, hewa yetu ya chumvi haina huruma, ukiosha ufute hapo hapo na upake mafuta ya nazi kidogo, na mbao usiiloweke, yangu niliiacha kwenye beseni usiku mmoja ikapata ufa pale kwenye maungio, mzee wa Marikiti aliutazama akatikisa kichwa bila kusema kitu, ambayo ni mbaya kuliko kutukanwa. Meno yanahitaji kunolewa, mimi nampa yule fundi wa visu anayepita na baiskeli. Na kama una mtoto anayetambaa ikunje uiweke juu kabisa, ule ulimi si mchezo.

Si ya mtu mwenye haraka pia. Sasa nimefika dakika kama kumi kwa nazi mbili, sitashuka zaidi ya hapo. Siku za kazi nakiri bado natumia pakiti, msinihukumu. Nilijaribu kukuna Jumamosi niweke tui friji la kutumia wiki, likaganda juu kama samli, mafuta ya nazi yakipata baridi ya chini ya nyuzi 24 yanashikana, ukilipasha linarudi lakini ladha ishapungua.

Kwa nazi zenyewe, itikise sikioni, iwe na maji yanayolia, iwe nzito kuliko unavyotarajia, macho yake makavu hayana ukungu. Nyingi zinatoka Kwale na Kilifi. Usikubali kuuziwa koroma, ile haijakomaa, tui lake ni maji matupu, nazi kamili inataka kama mwaka mzima mtini. Muulize muuzaji waziwazi, wengi wao wakiona unajua jina la koroma wanakuchagulia wenyewe.

Nyota naipa nne kwa tano, moja naitoa kwa ajili ya mgongo wangu. Yule mzee nampa zote.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuibeba kwa basi mpaka Nairobi. Anaweza, ikikunjwa inaingia chini ya siti, ila ule ulimi uuviringe kwa gunia mara mbili uufunge na kamba. Mimi nilimpelekea dadangu moja nikaifunga na shati nikidhani inatosha, shati limefika lina meno, na begi la mtu tusiyemjua nalo.